Mashine Isiyo na Kazi Moja

Historia ya kompyuta husimuliwa mara nyingi kama historia ya vyuma na umeme: magurudumu ya shaba yenye meno yakafuatwa na valvu za kioo, valvu zikafuatwa na transista, na transista zikaendelea kupunguzwa ukubwa hadi maelfu yake yakaenea katika kipande kidogo cha silikoni. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaliacha nyuma jambo lililo zito zaidi, kwa sababu kabla ya kuwa kifaa kompyuta ilikuwa wazo. Jembe hulima, cherehani hushona na saa hupima muda; kila chombo kilichobuniwa na binadamu kilizaliwa na kazi yake na kikazeeka nayo. Wazo lililoleta kompyuta linasema kinyume cha hayo: kwamba yawezekana kuunda mashine moja isiyofungwa na kazi yoyote, ambayo leo itakokotoa mishahara na kesho itapanga noti za muziki, kwa kubadilishiwa maagizo tu bila kubadilishwa hata parafujo moja. Wazo hilo lilizuka London katika miaka ya 1830, likasahauliwa kwa karibu karne nzima, likafikiwa upya Cambridge mwaka 1936 kwa njia nyingine kabisa, na hatimaye likapata mwili Manchester mwaka 1948.

Chanzo cha yote kilikuwa adha ya kukokotoa. Kabla ya wazo hilo kuzuka, yeyote aliyehitaji hesabu nzito, awe baharia, mtaalamu wa falaki, mhandisi au karani wa bima, alitegemea majedwali, yaani vitabu vilivyojaa safu za namba zilizokwisha kukokotolewa na wengine; wasomaji waliopita sekondari zamani watakikumbuka kijitabu cha logi, ambacho ni cha aina hiyo hiyo. Nyuma ya kila namba alikuwapo mtu aliyeikokotoa kwa kalamu, mwingine aliyeinakili, na mpiga chapa aliyeipanga kwa herufi za risasi, na kila mkono ulioigusa uliweza kuacha kosa ambalo msomaji hakuwa na njia ya kulitambua. Kosa la tarakimu moja katika jedwali la mabaharia liliweza kuipeleka merikebu miambani.

Nchini Ufaransa, katika miaka ya 1790, serikali ya Mapinduzi ilimkabidhi mhandisi Gaspard de Prony kazi ya kuandaa majedwali makubwa mapya, naye akaigawa kazi hiyo kwa makundi matatu: wanahisabati wachache mahiri waliochagua kanuni, wapangaji waliozivunja kanuni hizo kuwa hatua ndogondogo, na kundi kubwa la wakokotoaji wa kawaida ambao hawakuhitaji kujua zaidi ya kujumlisha na kutoa. Inasimuliwa kwamba baadhi ya hao wa kundi la mwisho walikuwa watengeneza nywele waliokosa kazi baada ya Mapinduzi kuwaondoa makabaila waliokuwa wateja wao. Ndani ya mpango huo lilikuwamo funzo ambalo thamani yake haikuonekana mara moja: ikiwa hesabu ngumu yaweza kuvunjwavunjwa hadi ikawa vitendo ambavyo mtu anaweza kuvifanya bila kujua vinaelekea wapi, basi huenda hata chuma kinaweza kuvifanya.

Aliyelizingatia funzo hilo kuliko wote ni Charles Babbage, mwanahisabati wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1791. Mwaka 1821 yeye na rafiki yake John Herschel walikuwa wakilinganisha nakala mbili za hesabu za falaki, na wingi wa makosa waliyoyakuta ulimfanya Babbage atamani kazi yote hiyo ifanywe kwa nguvu ya mvuke. Mwaka uliofuata alitangaza mpango wa chombo alichokiita Mashine ya Tofauti. Kanuni yake ni nyepesi kiasi cha kuweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Zikichukuliwa namba za mraba, yaani 1, 4, 9, 16 na 25, tofauti kati ya kila moja na inayofuata ni 3, 5, 7 na 9, na tofauti kati ya tofauti hizo ni 2 daima. Kwa hiyo anayetafuta mraba wa 6 hana haja ya kuzidisha: atajumlisha 9 na 2 apate 11, kisha atajumlisha 25 na 11 apate 36, na kwa kuendelea hivyo atajaza jedwali lote kwa kujumlisha tu. Kwa kuwa gurudumu lenye meno kumi huweza kuwakilisha tarakimu moja, na kwa kuwa gurudumu moja huweza kulisukuma jingine, kujumlisha ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa shaba na chuma. Babbage alitaka pia mashine ijipigie chapa matokeo yake yenyewe, ili mkono wa mwanadamu usipate nafasi ya kuingiza kosa popote.

Serikali ya Uingereza ilitoa fedha, na fundi hodari wa vyuma, Joseph Clement, akaanza kuchonga vipuri vilivyohitaji usahihi ambao karakana nyingi za wakati ule hazikuwa zimeuzoea. Mashine nzima ingehitaji vipuri vipatavyo 25,000. Mwaka 1832 kipande kimoja cha mashine kilikamilika na kilifanya kazi barabara, lakini mwaka uliofuata Babbage na Clement waligombana kuhusu malipo, kazi ikasimama, na mwaka 1842 serikali, ambayo ilikuwa imekwisha kutumia zaidi ya pauni 17,000, ilijitoa rasmi. Wapo wanaomlaumu Babbage kwa ukali wa ulimi na wapo wanaowalaumu mawaziri kwa kutoona mbali. Sababu moja, hata hivyo, inastahili kutajwa kabla ya hizo, nayo ni kwamba mvumbuzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuliacha wazo lake la kwanza nyuma. Tangu mwaka 1834 akili yake ilikuwa imetekwa na mashine nyingine ambayo iliifanya ile ya awali ionekane duni.

Mashine hiyo ya pili, aliyoiita Mashine ya Uchanganuzi, haikukusudiwa kukokotoa aina moja ya jedwali bali hesabu yoyote ile inayoweza kuelezwa hatua kwa hatua. Babbage aliigawa sehemu mbili: ghala, ambamo namba zingehifadhiwa, na kinu, ambamo namba zilizotolewa ghalani zingejumlishwa, kutolewa, kuzidishwa au kugawanywa kabla ya kurudishwa. Mgawanyo huo ndio uliomo hadi leo katika kila kompyuta, ambayo ina kumbukumbu kwa upande mmoja na kichakataji kwa upande wa pili. Maagizo yangeingizwa kwa kadi zenye matundu, mbinu ambayo Babbage aliichukua kwa wafumaji wa hariri wa Lyon, ambako tangu mwanzoni mwa karne ya 19 mtambo wa Joseph-Marie Jacquard ulikuwa ukifuma maua na picha kwa kuongozwa na msururu wa kadi: penye tundu uzi huinuliwa, pasipo na tundu uzi hubaki chini, na anayetaka nakshi nyingine hubadili kadi tu. Aidha, mashine ingeweza kukagua matokeo yake na kuchagua njia, kwa mfano kurudia hatua fulani hadi namba iliyo ghalani ifike chini ya sifuri. Yote hayo yalichorwa kwa utaratibu wa kustaajabisha, lakini mashine yenyewe haikuundwa.

Mwaka 1840 Babbage alialikwa Turin kuieleza mashine yake mbele ya wanasayansi wa Italia, na mmoja wa waliomsikiliza, mhandisi kijana Luigi Menabrea, alichapisha maelezo yake kwa Kifaransa mwaka 1842. Aliyeyatafsiri kwa Kiingereza ni Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, ambaye alifahamiana na Babbage tangu mwaka 1833 alipokuwa na umri wa miaka 17. Mama yake alihakikisha anafunzwa hisabati kwa kiwango ambacho wanawake wachache sana wa zama zile walikifikia, kwa kuwa vyuo vikuu vya Uingereza havikuwapokea. Babbage alimshauri asiishie kutafsiri bali aongeze maelezo yake mwenyewe, na maelezo hayo, yaliyotoka mwaka 1843 chini ya herufi A.A.L. tu, yalikuwa na urefu wa takribani mara tatu ya makala aliyoitafsiri.

Katika la mwisho kati ya maelezo hayo Ada aliandaa jedwali linaloonyesha jinsi Mashine ya Uchanganuzi ingezikokotoa namba za Bernoulli, ambazo ni mfululizo wa sehemu zinazojitokeza katika matawi mengi ya hisabati na ambazo hupatikana kila moja kwa kutegemea zilizotangulia. Jedwali linaorodhesha kila kitendo kwa zamu yake: ni namba zipi zichukuliwe kutoka ghalani, zifanyiwe nini, jibu liwekwe wapi, na ni hatua zipi zirudiwe ili kupata namba inayofuata. Mtaalamu wa leo akilitazama hulitambua mara moja kuwa ni programu, yaani maagizo kamili yanayofuatana, na hata kosa lililomo humo, ambapo katika kitendo cha nne namba ya kugawanywa na ile ya kugawanyia zimebadilishana nafasi, ni kosa la aina ambayo kila mwandishi wa programu hulijua vyema. Wasomi wamejadiliana sana kuhusu kiasi gani cha kazi hiyo ni cha Ada na kiasi gani ni cha Babbage. Babbage mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijitolea kumfanyia sehemu ya hesabu za Bernoulli, na kwamba Ada alimrudishia baada ya kugundua kosa kubwa alilolifanya Babbage.

Mjadala huo, hata hivyo, unaelekea kulifunika jambo ambalo ni la Ada bila shaka yoyote. Babbage alifikiria namba. Ada alitambua kwamba namba zaweza kusimama badala ya vitu vingine. Alieleza kwamba ikiwa mahusiano ya sauti katika muziki yangeweza kuandikwa kwa alama zenye kanuni zinazojulikana, basi mashine hiyo ingeweza kutunga muziki wenye ufundi wa kiwango chochote, na kwamba kikomo chake kilikuwa kwenye yale ambayo wanadamu wanajua jinsi ya kuiagiza ifanye, kwa kuwa haiwezi kuanzisha jambo kwa hiari yake. Simu ya mkononi inayopiga wimbo, kuonyesha picha na kuhifadhi barua, vyote vikiwa ndani yake kama namba, imesimama juu ya utambuzi huo. Ada alifariki mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 36, na Babbage alifuata mwaka 1871.

Miongo iliyofuata ilileta mashine nyingi za hesabu lakini si mashine isiyo na kazi moja. Iliyopata mafanikio makubwa zaidi ni ile ya Herman Hollerith, ambaye kwa sensa ya Marekani ya mwaka 1890 alitumia kadi zenye matundu kuwakilisha umri, jinsia na mahali pa kuzaliwa pa kila mtu, na akaunda mashine ya umeme ya kuzihesabu; kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, na muungano huo ukaitwa IBM kuanzia mwaka 1924.

Wazo kubwa lilirudi mwaka 1936 kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Mwanahisabati wa Kijerumani David Hilbert alikuwa ameuliza kama ipo njia ya uhakika ya kuamua, kwa kila kauli ya kihisabati, iwapo inaweza kuthibitishwa au la. Alan Turing, kijana wa miaka 23 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliona kwamba ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza ielezwe njia ya uhakika ni kitu gani, na kwa ajili hiyo alimtazama kwa makini mtu anayekokotoa kwa mkono. Mtu huyo anayo karatasi ya miraba. Huangalia alama iliyo katika mraba mmoja, hukumbuka yuko katika hatua gani ya kazi, kisha huandika au kufuta alama, husogea mraba mmoja kushoto au kulia, na huingia katika hatua nyingine. Turing alionyesha kwamba vitendo hivyo vichache vinatosha kuelezea ukokotoaji wowote, kwamba mashine inaweza kuvifanya, na kwamba swali la Hilbert linajibiwa kwa hapana, jibu ambalo Alonzo Church wa Marekani alilifikia mwaka huo huo kwa njia yake. Katikati ya uthibitisho wake limo jambo lililoizidi hoja yenyewe kwa uzito: kwa kuwa maelezo ya mashine yoyote ya aina hiyo yanaweza kuandikwa kwa alama, inawezekana kuwa na mashine moja tu inayoyasoma maelezo ya mashine nyingine na kutenda kama hiyo. Mashine na maagizo yake vikawa vitu viwili tofauti, na maagizo yenyewe yakawa ni alama zilizoandikwa pale pale zilipo namba zinazokokotolewa.

Mwaka 1937 mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, Claude Shannon, alithibitisha katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili kwamba mantiki ya ndiyo na hapana iliyoasisiwa na George Boole katika karne ya 19 inalingana kabisa na swichi za umeme, ambazo huwa wazi au hufungwa, na hivyo hesabu yoyote ya sifuri na moja inaweza kufanywa na swichi zilizounganishwa ipasavyo. Huko Berlin, bila kuwajua hao wawili wala Babbage, mhandisi Konrad Zuse aliyechoshwa na hesabu za ujenzi wa ndege alianza kuunda mashine sebuleni kwa wazazi wake, na mwezi Mei mwaka 1941 alionyesha ile ya tatu, Z3, iliyotumia rilei, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, na iliyosoma maagizo kutoka katika mikanda ya filamu za sinema iliyotobolewa matundu. Z3 inahesabiwa kuwa mashine ya kwanza iliyofanya kazi ikiongozwa na programu, lakini iliteketea katika mashambulizi ya mabomu mwaka 1943.

Vita ndivyo vilivyoleta fedha na haraka. Nchini Uingereza, Turing alikuwa miongoni mwa waliokusanywa katika kituo cha siri cha Bletchley Park kufumbua ujumbe wa Wajerumani uliofichwa kwa mashine. Kazi hiyo iligusa hata pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu kikosi cha wafumbuzi kilichoshughulikia ujumbe wa Wajapani, baada ya kuhamishwa kutoka Singapore na kisha Colombo, kilifanya kazi Mombasa kati ya mwaka 1942 na 1943 katika majengo ya shule ya Allidina Visram, na humo ndimo mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani ulimofumbuliwa. Bletchley kwenyewe, mhandisi wa Posta Tommy Flowers alijitolea kuunda mashine kubwa iliyotegemea valvu, ambazo ni vibomba vya kioo vilivyotolewa hewa ambamo mkondo wa umeme hupitishwa au kukatizwa kwa kasi isiyofikiwa na rilei. Wengi walimwambia kwamba valvu zaidi ya elfu moja haziwezi kufanya kazi pamoja bila kuungua kila mara. Flowers, aliyezizoea katika mitambo ya simu, alijua kwamba valvu huharibika zaidi inapowashwa na kuzimwa, na kwamba ikiachwa ikiwaka hudumu. Mashine hiyo, Colossus, ilianza kazi mwanzoni mwa mwaka 1944, ikisoma herufi 5,000 kwa sekunde kutoka katika ukanda wa karatasi, na hadi vita vilipokwisha zilikuwapo kumi. Karibu zote zilivunjwa, Flowers akaamriwa azichome karatasi zake, na dunia haikupata habari zake hadi miaka ya 1970, jambo lililowanyima heshima yao waliostahili kuipata wakiwa hai.

Kwa sababu ya ukimya huo, sifa zote zilikwenda kwa ENIAC, mashine iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, na John Mauchly na Presper Eckert kwa ajili ya jeshi la Marekani. Kila aina ya mzinga ilihitaji majedwali ya kuonyesha kombora litaangukia wapi kulingana na pembe, upepo na joto, na majedwali hayo yalikuwa yakikokotolewa na makumi ya wanawake waliohitimu hisabati, ambao walihitaji saa nyingi kwa kila mwendo mmoja wa kombora. ENIAC ilikuwa na valvu zipatazo 18,000, ilikuwa na uzito wa tani 30, na iliweza kufanya majumlisho 5,000 kwa sekunde. Ili valvu zisiungue, Eckert aliziendesha kwa umeme ulio chini ya kiwango zilichoundwa kukihimili.

Mashine hiyo haikuwa na mahali pa kuandika programu. Kuiagiza kulimaanisha kuunganisha sehemu zake kwa nyaya nene na kuzipanga swichi zake kwa maelfu, na kazi hiyo walipewa wanawake sita waliochaguliwa kutoka miongoni mwa wakokotoaji: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa na kitabu cha mwongozo wala mwalimu, na mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia katika chumba cha mashine kwa kuwa vibali vyao vya usalama havikuwa tayari, hivyo waliisoma kwa kutumia michoro ya waya zake, wakiwauliza wahandisi juu ya kila sehemu hadi wakaielewa vizuri kiasi cha kuweza kuitaja valvu iliyoungua. Walilazimika kulivunja tatizo moja kuwa hatua zinazoweza kwenda sambamba, kwa sababu sehemu nyingi za ENIAC zilifanya kazi kwa wakati mmoja, na kuhakikisha kwamba kila sehemu inapokea ishara yake sekunde ile ile inayotakiwa.

ENIAC ilionyeshwa rasmi mwezi Februari mwaka 1946, na programu ya kukokotoa mwendo wa kombora iliandaliwa na Jennings na Snyder. Usiku wa kuamkia siku ya maonyesho ilikuwa bado na kosa: kombora la kihesabu lilipofika ardhini halikusimama, bali liliendelea kushuka chini ya udongo kana kwamba ardhi haipo. Snyder alikwenda kulala akiliwaza, na asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye swichi moja kati ya maelfu, akaigeuza, na kombora likasimama. Mbele ya wageni mashine ilimaliza hesabu kwa muda mfupi kuliko ambao kombora halisi lingekaa angani. Magazeti yaliandika juu ya wahandisi na juu ya mashine. Jioni ilifanyika karamu, na wanawake hao hawakualikwa. Picha zao wakiwa mbele ya ENIAC zilibaki, lakini kwa miongo kadhaa waliozitazama walidhani ni wasichana waliowekwa hapo ili kuipendezesha picha. Ilipofika mwaka 1997 ndipo wote sita walipoheshimiwa pamoja hadharani kama waasisi wa fani yao.

Udhaifu wa ENIAC ulikuwa dhahiri kwa walioiunda: kazi iliyokokotolewa kwa sekunde iliweza kuhitaji siku kadhaa za kuchomoa na kuchomeka nyaya. Dawa yake ilikuwa kuyaweka maagizo ndani ya kumbukumbu ya mashine pamoja na namba, yakiwa katika sura ya namba, ili mashine iyasome kwa kasi yake yenyewe. Wazo hilo, ambalo ndilo la Turing likiwa limevaa nyaya na valvu, lilijadiliwa Philadelphia na Eckert, Mauchly na mwanahisabati mashuhuri John von Neumann, ambaye mwaka 1945 aliliandika katika rasimu ya ripoti. Rasimu hiyo ilisambazwa ikiwa na jina la von Neumann peke yake, na mpangilio uliomo humo unaitwa kwa jina lake hadi leo, kwa uchungu mkubwa wa Eckert na Mauchly. Hao nao walikuja kupoteza hataza yao, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, pale mahakama ya Marekani ilipoamua mwaka 1973 kwamba sehemu ya mawazo yao ilitokana na mashine ndogo ya John Atanasoff wa Iowa. Katika historia hii ni vigumu kumpata mtu mmoja anayestahili kuitwa mvumbuzi, na wanaomtafuta hupoteza muda.

Waliotangulia kuitekeleza rasimu hiyo hawakuwa Wamarekani. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, Freddie Williams na Tom Kilburn walikuwa wakitafuta namna ya kuhifadhi alama za sifuri na moja kwa umeme, na walitumia bomba la kioo kama lile la televisheni za zamani, ambalo juu ya uso wake vidoa vidogo vya chaji ya umeme huandikwa, na kabla havijafifia husomwa na kuandikwa upya mara nyingi kwa sekunde. Ili kulijaribu bomba hilo, wao pamoja na Geoff Tootill waliunda kompyuta ndogo iliyobandikwa jina la Kitoto, yenye nafasi 32 tu za kumbukumbu, isiyojua hata kujumlisha bali kutoa tu. Asubuhi ya tarehe 21 Juni 1948 waliiwekea programu ya maagizo 17 iliyotafuta kigawo kikubwa kabisa cha 262,144 kwa kuijaribu kila namba iliyo chini yake, moja baada ya nyingine, kwa kutoa na kutoa tena. Baada ya dakika 52 na vitendo vipatavyo milioni 3.5, vidoa vya mwanga kwenye kioo vilisimama vikionyesha jibu sahihi, 131,072. Mtu yeyote mwenye kalamu angelipata kwa kugawanya kwa mbili, lakini hapo ndipo kwa mara ya kwanza mashine ya elektroniki ilipotenda kwa kufuata maagizo yaliyokaa ndani ya kumbukumbu yake. Turing alihamia Manchester mwaka huo huo. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano wake na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa la jinai nchini Uingereza, akanyang'anywa kibali cha kazi za siri, na mwaka 1954 alifariki akiwa na umri wa miaka 41. Msamaha rasmi ulitolewa mwaka 2013.

Mwezi Mei mwaka 1949 kompyuta ya EDSAC ilianza kazi Cambridge chini ya Maurice Wilkes, na miezi michache tu ilitosha kumfanya Wilkes atambue kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingekwenda katika kutafuta makosa yaliyomo ndani ya programu zake mwenyewe. Chuma kilikuwa kimepatikana. Ugumu ulikuwa umehamia kwenye maagizo. Wilkes na wenzake, hasa David Wheeler, walijibu kwa kujenga maktaba ya vipande vya programu vilivyokwisha kuhakikiwa, ili anayehitaji kutafuta kipeuo cha pili achukue kilichopo badala ya kukiandika upya na kukikosea upya.

Ng'ambo ya Atlantiki, Grace Hopper, mwanahisabati aliyeingia katika jeshi la wanamaji wakati wa vita, alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1952 aliandika programu ambayo kazi yake ilikuwa kuunda programu nyingine, kwa kuvikusanya vipande vilivyotajwa na mtumiaji na kuviunganisha kuwa maagizo kamili ya mashine, na alipopendekeza kwamba maagizo yaandikwe kwa maneno ya kawaida aliambiwa kwamba kompyuta inajua hesabu tu. Ada alikuwa amekwisha kulijibu pingamizi hilo zaidi ya miaka mia moja kabla: herufi nazo zaweza kuwa namba. Mwaka 1959 kazi ya Hopper ikawa moja ya misingi mikuu ya COBOL, lugha ya programu iliyokusudiwa kwa biashara na serikali na ambayo bado inatumika katika mifumo ya mabenki. Hadi wakati huo programu ilikuwa mali ya mashine iliyoandikiwa, na anayebadili kompyuta alipaswa kuandika yote upya. Mwezi Desemba mwaka 1960 programu moja ya COBOL iliwekwa katika kompyuta mbili za makampuni hasimu, RCA na Remington Rand, zilizotofautiana kwa maumbile ya ndani, na baada ya marekebisho machache tu ilitembea katika zote mbili.